Forodha, Liko na Kibarua: Majumba ya Utawala wa Bandari ya Mombasa na Maneno Yaliyobaki

1. Utangulizi

Meli zinazoingia Mombasa hupita mbele ya ufuo wa Shelly Beach, upande wa Likoni, kabla ya kuufuata mlango wa Kilindini. Ng'ambo ya maji hayo ni Ras Serani, penye ncha ya kisiwa. Kaskazini zaidi, chini ya Ngome ya Yesu, uko mlango wa pili, ule wa bandari ya kale, ambao kwa karne nyingi ndio uliopokea majahazi ya kaskazi na kusi. Historia ya utawala wa Mombasa yaweza kuelezwa kwa kuifuata safari fupi ya ofisi za bandari baina ya sehemu hizi: kutoka mji wa kale hadi Kilindini, na kutoka Kilindini hadi Kipevu, bara ya Changamwe. Kila utawala ulipohama uliacha nyuma majumba yaliyopoteza kazi yake ya awali, na majumba hayo ama yalipewa kazi nyingine ama yaliachwa yachakae.

Mijadala juu ya majumba ya namna hii kwa kawaida ni ya wasanifu na wahifadhi. Huulizwa kuta zimejengwa kwa mawe gani, milango ilichongwa lini, na paa litengenezwe vipi. Makala haya yanakusudia kulitazama jambo hilo kwa upande wa lugha. Hoja yake ni kwamba jumba la utawala wa bandari, hata likihifadhiwa vizuri namna gani, huhifadhi nusu tu ya historia, nayo ni ile ya waliotoza ushuru. Nusu ya pili, ya waliovuka na waliobeba, haikujengewa majumba. Imehifadhiwa katika maneno. Kwa hiyo kulipa jumba kazi mpya bila ya kuyakusanya maneno yaliyolizunguka ni kuiendeleza sauti ya upande mmoja.

2. Liko, bandari na forodha

Jina Likoni lajieleza lenyewe kwa yeyote alijuaye neno liko, yaani mahali ambapo chombo hufika pwani ili watu washuke au wapande. Katika lahaja nyingine neno hilo ni diko, na wingi wake madiko, ambalo wavuvi wa pwani ya Tanzania wanalitumia hadi leo. Liko halihitaji jengo. Lahitaji ufuo uliotulia, maji yasiyo na miamba, na watu wanaotaka kuvuka. Likoni, basi, ni jina lililotolewa na wavukaji, na ni jina la tendo lao.

Maneno mengine mawili yana asili tofauti. Bandari limetoka katika Kiajemi, nalo lilikuja pamoja na biashara ya masafa marefu. Forodha limetoka katika Kiarabu, ambamo neno la asili lina maana ya mahali pa kupakulia kando ya maji. Kiswahili kililipokea neno hilo na kulipa maana ya mahali ambapo mali hukaguliwa na kulipiwa. Tofauti ya liko na forodha si ya ukubwa tu. Katika liko, anayefika ni mtu. Katika forodha, kinachofika ni mali, na mbele yake amesimama mwenye mamlaka ya kuitoza. Hata neno ushuru lina historia yake. Katika Kiarabu asili yake ni sehemu moja ya kumi. Lakini katika mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani ushuru wa mali iliyoingizwa uliwekwa kuwa asilimia 5. Neno lilibaki na kumi yake, ingawa kiwango kilikuwa nusu ya hapo.

Kilindini, kwa upande wake, ni jina la mabaharia. Kilindi ni maji yenye kina kirefu, na jina hilo lilikuwapo kabla ya mhandisi yeyote wa kikoloni kufika na kamba ya kupimia kina. Shelly Beach ni jina la tabaka la mwisho, nalo ni la Waingereza, waliouita ufuo huo kwa makombe yake. Hivyo katika eneo dogo la mlango mmoja wa bahari msomaji wa majina hukuta tabaka tatu: mvukaji, baharia na mstarehe. Mtoza ushuru hayumo katika majina haya ya pwani ya kusini, kwa kuwa kiti chake kilikuwa kisiwani.

Hapa inafaa kukumbuka kwamba ni Mombasa penyewe, mwaka 1928, ambapo mkutano wa wajumbe wa serikali za Afrika Mashariki ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake, lakini uliyaacha maneno mengi ya Kimvita, hasa ya kazi za bahari, nje ya vitabu vya shule. Neno liko ni mfano mmoja wa hayo. Leo kijana wa Likoni husema feri, na neno lililotoa jina la mtaa wake hubaki ndani ya jina hilo tu.

3. Forodha kama mzizi wa utawala

Si ajabu kwamba majumba ya kale ya utawala wa Mombasa yanatazama maji. Forodha haikuwa idara moja miongoni mwa idara za serikali. Kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa serikali. Jambo hili laonekana tangu mwaka 1824, pale Kapteni William Owen wa manowari ya Kiingereza Leven alipofanya mapatano na Wamazrui, waliotaka kinga dhidi ya Seyyid Said. Miongoni mwa masharti ya mapatano yale ni kwamba mapato ya forodha ya Mombasa yagawanywe nusu kwa nusu baina ya Waingereza na Wamazrui. Luteni John James Reitz aliyeachwa kuusimamia mji alifariki mwaka ule ule, na jina lake likabaki katika hori ya Port Reitz upande wa Changamwe. Luteni James Emery alimfuata, na mwaka 1826 kinga hiyo iliondolewa kwa kuwa serikali ya London haikuikubali. Mwaka 1837 Mombasa iliangukia mikononi mwa Seyyid Said.

Chini ya dola ya Unguja forodha ilikodishwa. Mfanyabiashara alilipa kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha akakusanya ushuru kwa faida yake. Huko Unguja kodi hiyo ilishikwa kwa muda mrefu na nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, na baadaye na Tharia Topan. Hivyo mtawala hakuhitaji jeshi kubwa la makarani. Alihitaji mtu mmoja mwenye fedha na jumba moja lenye mlango imara.

Ukoloni wa Kiingereza uliingia kupitia mlango huo huo. Tarehe 24 Mei 1887 Sultani Barghash alitia saini mkataba uliowapa William Mackinnon na wenzake haki ya kuitawala pwani ya bara kwa niaba ya Sultani kwa miaka 50, pamoja na haki ya kukusanya ushuru wake. Mwaka 1888 kundi hilo lilipewa hati ya kifalme na kuwa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki. Makao yake makuu pwani yalikuwa Mombasa, na jumba linalotajwa kuwa makao hayo ni Jumba la Leven, lililo juu ya bandari ya kale na lililobeba jina la manowari ya Owen. Ndani ya jina hilo moja, basi, yamekutana mapatano mawili ya forodha, la mwaka 1824 na la mwaka 1887. Kampuni iliposhindwa kuendelea, Serikali ya Uingereza iliitwaa nchi tarehe 1 Julai 1895. Kampuni ililipwa fidia ya pauni 250,000, na sehemu kubwa zaidi ya fedha hizo, pauni 200,000, ilitoka katika mali ya Unguja. Kwa ukanda wa pwani Sultani aliendelea kulipwa pauni 17,000 kwa mwaka, na bendera yake ilipepea Mombasa hadi mwaka 1963.

Kumbukumbu ya Kampuni haina uso mmoja. Mwanzoni mwa mwaka 1889 msimamizi wake, George Mackenzie, aliwakomboa kwa fedha watumwa zaidi ya 1,400 waliokuwa wamekimbilia Rabai na misheni nyingine za karibu, na kila mmoja alipewa hati ya uhuru. Tendo hilo lilikuwa la ukombozi kwa watoro, na papo hapo lilikuwa la ulinzi wa biashara, kwani wenye watumwa walikuwa wakitishia amani ambayo Kampuni iliihitaji. Atakayelieleza jumba la Kampuni kwa kutaja upande mmoja wa tendo hili atakuwa hakulieleza.

4. Kuhama kwa utawala

Reli ya Uganda ndiyo iliyougeuza mgongo wa Mombasa kuwa uso. Vyuma na mashine za reli hazikuweza kupakuliwa vizuri katika bandari ya kale, nyembamba na yenye maji machache. Kazi ilipoanza mwaka 1896 Kilindini pakawa mahali pa kupakulia, na mwaka 1901 reli ilipofika ziwa Victoria hatima ya bandari ya kale ilikwisha kuamuliwa. Magati ya maji marefu yalianza kutumika Kilindini katika miaka ya 1920. Bandari ya kale ilibaki na majahazi ya Uarabuni na Ghuba, vyombo vya mwambao, na wavuvi.

Utawala nao ulifuata shehena. Mwaka 1927 bandari iliunganishwa na reli katika shirika moja la Kenya na Uganda. Mwaka 1948 likazaliwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika ya Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa na kupewa shirika lake lenye makao Dar es Salaam. Na baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, Halmashauri ya Bandari za Kenya iliundwa mwaka 1978. Makao yake yako Kipevu. Bandari ya Mombasa ikawa inatawaliwa kutoka bara ya Changamwe, na kisiwa, kilichokuwa kimeyatazama mabara yake mawili kama mashamba na njia, kikatazamwa kutoka nje.

Isidhaniwe kwamba suala la mahali pa forodha limekuwa la kale. Baada ya reli mpya kufunguliwa mwaka 2017, mizigo mingi ilipelekwa Nairobi na Naivasha kabla ya kukaguliwa na kutolewa. Wakazi wa Mombasa walilalamika kwamba mawakala wa forodha, madereva na wapakiaji wamepoteza riziki. Mwezi Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto aliagiza kazi hiyo irudishwe Mombasa. Karibu miaka 200 baada ya Owen, mji ule ule ulikuwa bado unabishania mahali ambapo mali ya bahari itafunguliwa na kulipiwa.

5. Jumba kupewa kazi mpya

Kiswahili kina desturi ya zamani ya kuandika mabadiliko ya majumba ndani ya maneno. Neno gereza lilitoka katika Kireno kwa maana ya kanisa. Waswahili walilitumia kwa ngome iliyokuwa na kanisa ndani yake, kisha, ngome zilipofungiwa watu, likawa na maana ya jela. Ngome ya Yesu yenyewe, iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ilikuwa jela ya serikali ya kikoloni kutoka mwaka 1895 hadi mwaka 1958, kisha ikafanywa makumbusho. Neno boma nalo lilitoka katika ua wa miti na kufikia kuwa ofisi ya mkuu wa wilaya. Katika mifano hii jumba na neno vilibadilika pamoja, na mtu anayelichunguza neno aweza kuirudisha nyuma historia ya jumba.

Mfano ulio dhahiri zaidi kwa forodha uko Unguja, katika barabara ya Mizingani, karibu na kasri. Jumba liitwalo Forodha ya Kale ni la karne ya 19, kubwa, lisilo na mapambo mengi isipokuwa mlango wake uliochongwa. Katika masimulizi ya mji husemwa kwamba ndimo alimotangazwa Sultani Hamoud bin Mohammed mwaka 1896, siku ile manowari za Kiingereza zilipoipiga mizinga kasri ya Unguja. Jumba hilo lilikarabatiwa katika miaka ya 1990 kwa msaada wa UNESCO, na mwaka 2002 likafunguliwa humo chuo cha muziki cha nchi za majahazi. Mahali palipohesabiwa mafungu ya karafuu na pembe pakawa pa kufundishia kanuni, udi, fidla na ngoma za kienyeji. Ni vigumu kufikiri kazi mpya iliyo bora kuliko hiyo, kwa maana taarabu yenyewe ilisafiri katika njia za majahazi yale yale yaliyotozwa ushuru. Lakini mwaka 2019 chuo kilitangaza hadharani kwamba kiko katika hatari ya kufungwa baada ya wafadhili kupungua. Hapo laonekana tatizo la jumla: ukarabati wa kuta hugharimiwa mara moja, ila kazi mpya inahitaji kugharimiwa kila mwezi.

Mbele ya jumba hilo, hatua chache kusini, ni Forodhani. Hapo ni bustani, iliyotengenezwa mwaka 1936 kwa jubilii ya Sultani Khalifa na kukarabatiwa upya mwaka 2009. Anayekwenda Forodhani jioni huenda kula na kupunga upepo, wala hakuna anayemtoza kitu kwa kuingia. Forodha imehama, na wingi wa watu huenda hawalifikirii tena. Hata hivyo jina linasema palikuwa na nini. Jumba lilihitaji fedha za kigeni ili libaki. Jina limebaki kwa kutumiwa tu.

Mombasa nako sehemu za pwani zimepewa kazi mpya. Ufuo wa Ras Serani, unaoikabili Likoni, ulitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2019 kuwa bustani ya Mama Ngina. Ni mahali pazuri pa kuzitazama meli. Swali la makala haya ni jingine: mtu atazamaye meli hapo ataambiwa nini juu ya waliozipakua?

6. Waliobeba

Kazi ya bandari ilikuwa na maneno matatu makuu ya wafanyaji wake: hamali, kuli na kibarua. Hamali ni la Kiarabu, nalo lataja tendo la kubeba. Kuli lilikuja kutoka Bara Hindi pamoja na lugha ya waajiri wa kikoloni. Kibarua ni letu, nalo ndilo lenye historia nzito kuliko yote. Ni barua ndogo, yaani kipande cha karatasi alichopewa mtu kuthibitisha kazi ya siku. Katika karne ya 19 wengi wa vibarua wa miji ya pwani walikuwa watumwa waliokodishwa, na ujira wao waligawana na mabwana zao. Utumwa ulipokwisha, neno halikufa. Karatasi ikabaki, bwana akabadilika, na mfanyakazi akaitwa kwa jina la karatasi yake. Leo neno hilo ni la kawaida kiasi kwamba mtu afukuzwaye kazini, hata kocha wa timu ya mpira, husemwa kibarua chake kimeota nyasi.

Katika Kilindini ukibarua ulikuwa na sura mbili. Waajiri waliupenda kwa kuwa meli haziji kwa kipimo sawa kila siku. Wafanyakazi wengi nao waliupenda kwa kuwa uliwaachia siku za kulima, kuvua au kurudi kwao bara ya Likoni na Kisauni. Serikali ilipoanza kuwaandikisha makuli na kuwataka wafanye kazi kila siku, katika miaka ya 1940 na 1950, haikuwa inatengeneza mishahara tu. Ilikuwa inabadilisha hesabu ya wakati. Migomo ya Mombasa haina budi kusomwa kwa nuru hiyo: ule wa mwaka 1939, ule mkubwa wa Januari 1947 uliosimamisha karibu mji mzima na kumwinua Chege Kibachia, na ule wa makuli wa mwaka 1955 ambao Tom Mboya alisaidia kuusuluhisha.

Katika mgomo wa 1947 wafanyakazi walikutana kila siku katika uwanja wa Kiembeni, nao wakauita Kiwanja cha Maskini. Jina hilo lafaa kutazamwa na mwanafunzi wa lugha. Halikutolewa na halmashauri ya mji, wala halikuandikwa katika ramani. Watu walichagua neno maskini, ambalo katika mazoea ya dini na adabu humtaja mtu wa kuhurumiwa, wakalifanya jina la watu wenye kudai. Kwa siku chache mji ulikuwa na vituo viwili vya utawala, ofisi za bandari na kiwanja hicho. Cha kwanza kimeacha majumba. Cha pili kimeacha maneno mawili.

Unguja imebahatika katika jambo hili, kwani mgomo wa wapagazi wa bandari wa mwaka 1948 uliandikiwa riwaya ya Kiswahili, Kuli ya Shafi Adam Shafi, iliyotoka mwaka 1979. Mji ule una Forodha ya Kale kwa upande mmoja na Kuli kwa upande wa pili, na msomaji aweza kuvisoma viwili hivyo pamoja. Kwa Mombasa, uchunguzi mkubwa juu ya makuli ni kitabu cha Frederick Cooper cha mwaka 1987, kazi ya thamani kubwa, ila kimeandikwa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba historia ya watu waliogoma kwa Kiswahili husomwa na watoto wao kwa lugha ya waliogomewa.

7. Hitimisho

Muda wa kuyakusanya maneno haya si mrefu. Makontena yameondoa kazi nyingi za mikono, na pamoja nazo majina ya vyombo, ya namna za kufunga na kubeba, ya zamu na ya malipo. Waliokuwa vijana wakati wa mgomo wa 1955 ama wamefariki ama ni wazee sana. Jumba la mawe likiachwa miaka 20 laweza kukarabatiwa kwa gharama kubwa. Neno likiachwa muda huo huo, na mwenye kulijua akafa, hakuna fundi wa kulirudisha.

Yapo mambo matatu yanayoweza kutendwa bila ya gharama za kutisha. Kwanza, idara za lugha za vyuo vya pwani ziwape wanafunzi kazi ya kukusanya msamiati wa bandari, feri na uvuvi katika Likoni, Kisauni na Changamwe, kwa kurekodi sauti na kwa kueleza kila neno lilitumiwa na nani. Pili, kila jumba la kale la bandari linapofunguliwa kwa kazi mpya, maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili kwanza, na yaseme ushuru ulitozwa kwa nani na mzigo ulibebwa na nani. Tatu, kamusi zetu zisiyaandike maneno kama liko na kibarua kwa maana za leo peke yake, bali zionyeshe njia yaliyopita.

Forodha ilijengewa majumba kwa sababu ilikuwa na mapato. Liko na kibarua havikuwa na mapato, na kwa hiyo vilijengewa lugha. Mhifadhi wa majengo hawezi kuyalinda maneno hayo kwa chokaa na boriti; kazi hiyo ni ya wanalugha, na isipofanywa nao haitafanywa na mtu mwingine.